Neno Moja, Mshono Uko Wapi? Silabi na Mkazo katika Maneno Ambatani ya Kiholanzi

Angalia neno hili la Kiholanzi: kerstomaatje. Herufi 12 zimeshikana mwanzo hadi mwisho, hakuna nafasi, hakuna kistari. Sasa jaribu kulikata vipande viwili. Ukikata baada ya s unapata kers, yaani tunda la cheri, na tomaatje, nyanya ndogo. Ni vile vinyanya vidogo vya duara vinavyotiwa kwenye saladi. Lakini ukikata baada ya t unapata kerst, yaani Krismasi, na omaatje, bibi mdogo. Hapo nyanya imeondoka na bibi wa Krismasi amekaa mezani.

Waholanzi wanaupenda utani wa aina hii. Ila nyuma ya utani kuna swali la kweli la isimu: kama maandishi hayaonyeshi neno moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi, msikilizaji anajuaje?

Jibu fupi ni kwamba sikio linapata alama mbili ambazo jicho halizipati. Ya kwanza ni namna silabi zinavyogawanywa. Ya pili ni mkazo. Tuzipitie moja moja, taratibu, kwa sababu sisi wasemaji wa Kiswahili tunayo mazoea yetu ya kuunganisha maneno, na mazoea hayo ndiyo yanayotuponza tukianza kujifunza Kiholanzi.

Lugha inayoshona maneno

Kiholanzi kinazungumzwa Uholanzi, kaskazini mwa Ubelgiji, na Suriname kule Amerika ya Kusini. Kama lugha nyingi, kinaunda maneno mapya kwa kuunganisha ya zamani. Tand ni jino, arts ni daktari. Tandarts ni daktari wa meno. Zieken ni wagonjwa, huis ni nyumba. Ziekenhuis ni hospitali. Sisi tungetumia "wa", "ya" au "cha" katikati na kuacha nafasi. Wao wanashona moja kwa moja na kuandika neno moja.

Na wanaweza kuendelea kushona hadi uchoke. Kuna neno maarufu lenye herufi 49: kindercarnavalsoptochtvoorbereidingswerkzaamheden. Usiogope. Lisome kutoka nyuma kwenda mbele na Kiswahili chake kinajitokeza chenyewe: shughuli (werkzaamheden) za maandalizi (voorbereiding) ya maandamano (optocht) ya kanivali (carnaval) ya watoto (kinder). Kwetu neno kuu linatangulia, kwao linakaa mwisho.

Umeona zile s mbili, baada ya carnaval na baada ya voorbereiding? Hazina maana yoyote peke yake. Ni uzi tu wa kushonea. Mara nyingine uzi huwa ni s, mara nyingine en. Jambo la kukumbuka: uzi huo ni mali ya kipande cha kushoto. Tutauhitaji baadaye.

Silabi haivuki mshono

Ndani ya neno la kawaida, Kiholanzi kinagawa silabi kwa tabia tunayoifahamu. Konsonanti moja ikikaa kati ya irabu mbili, huenda kulia: wa-ter (maji), kama vile sisi tunavyosema ma-ji. Silabi inapenda kuanza na konsonanti.

Sasa chukua neno avond, jioni. Wingi wake ni avonden, na silabi zake ni a-von-den. Ile d imehamia kulia ikaanzisha silabi mpya. Hakuna cha ajabu.

Halafu chukua avondeten, chakula cha jioni, yaani avond + eten. Kwa macho, herufi ni zilezile: a-v-o-n-d-e. Kwa tabia ya kawaida d ingehamia kulia tupate "avon-deten". Lakini haihami. Mgawanyo sahihi ni avond-eten. Mshono umeizuia.

Utasema, sawa, lakini hiyo si kanuni ya kwenye karatasi tu? Hapana, na ushahidi unasikika. Weka vidole kooni useme "d" kisha "t". Kwenye d koo linatetemeka, kwenye t halitetemeki. Wanaisimu huita d sauti ghuna na t sauti sighuna. Kiholanzi kina sheria kali: sauti kama b, d na v haziruhusiwi kubaki ghuna mwishoni mwa silabi. Ndiyo maana hond (mbwa) hutamkwa "hont", ingawa wingi wake, honden, una d safi kabisa, kwa kuwa huko d imepata nafasi ya kuanzisha silabi.

Sasa sikiliza avondeten kwa makini. Inasikika "avont-eten", kwa t. Maana yake d ilikuwa mwishoni mwa silabi ilipokutana na ile sheria, ikabadilika. Kama ingekuwa imehamia kulia ingebaki d, kama katika avonden. Kwa hiyo mshono ambao jicho halioni umeacha alama yake kwenye sauti. Kwangu hili ni mojawapo ya mambo matamu katika fonolojia: tofauti ndogo ya t na d inakueleza neno lilivyojengwa.

Rudi sasa kwa nyanya na bibi. Katika kers-tomaatje, t inaanzisha silabi. Katika kerst-omaatje, t inafunga silabi, na msemaji akitamka kwa uangalifu mara nyingi utamsikia anakata pumzi kidogo kabla ya o. Mkazo mkuu katika yote mawili uko silabi ya kwanza, kwa hiyo hausaidii hapa. Kazi yote inafanywa na mgawanyo wa silabi. Vivyo hivyo valkuil: ni val-kuil, shimo la mtego. Ukilikata valk-uil unapata kozi aliyeunganishwa na bundi, ndege wa kubuni.

Lakini mshono si ukuta wa zege

Hapa inabidi tuwe waangalifu. Silabi haivuki mshono, lakini tabia ya sauti inaweza kuvuja. Chukua zakdoek, leso: zak ni mfuko, doek ni kitambaa. K ni sighuna, d ni ghuna, na zimekaa bega kwa bega. Katika usemaji wa kawaida d inaiambukiza k ule mtetemo, na neno linasikika "zagduk", kwa g ya "gari".

Kinachofurahisha ni kwamba Kiholanzi hakina g ya "gari" kama sauti yake ya kawaida. Herufi g kwao husomwa kama gh ya "ghali" au kh ya "kheri", kutegemea msemaji anatoka wapi. Lakini hapo kwenye mshono sauti hiyo inazaliwa, na wengi wanaoitamka hawajui kama wanaitamka. Voetbal, mpira wa miguu, ni hivyohivyo: t ya voet inageuka d mbele ya b, "vudbal".

Kwa hiyo picha kamili ni hii: kila kipande kinabaki na nyumba yake ya silabi, ila majirani wanasikiana.

Mkazo: nani mkubwa hapa?

Tuje kwenye alama ya pili. Nitaandika silabi yenye mkazo mkuu kwa herufi kubwa.

Kiswahili kina sheria rahisi sana: mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana tukiunganisha maneno, kipande cha mwisho ndicho kinachoshinda. MWAna na sheRIa zikiungana tunapata mwanasheRIa. Ule mkazo wa "mwana" umemezwa.

Kiholanzi kinafanya kinyume. Katika nomino ambatani, kwa kawaida kipande cha kwanza ndicho kinachobeba mkazo mkuu: TANDarts, ZIEkenhuis, VOETbal, ZAKdoek. Kipande cha pili hakifi. Kinabaki na mkazo mdogo na irabu yake inatamkwa kamili. Lakini bosi ni wa kwanza.

Sasa unaona mtego ulipo. Msemaji wa Kiswahili akilikuta ziekenhuis, ulimi wake unatafuta silabi ya pili kutoka mwisho, na anasema "zieKENhuis". Kwa sikio la Mholanzi, hilo si kosa dogo la lafudhi. Irabu ya silabi ile ya katikati ni irabu hafifu, ile e inayosikika kama mguno mfupi, ambayo wanaisimu huiita shwa. Na katika Kiholanzi shwa haiwezi kubeba mkazo. Yaani umempa msikilizaji umbo ambalo halipo kabisa katika lugha yake. Anaanza kutafuta neno linaloanzia hapo kwenye mkazo, halipati, na wewe ulikuwa unauliza tu njia ya kwenda hospitali.

Je, sheria hii ina watoro? Ipo orodha. Stadhuis, jengo la halmashauri ya jiji, lina stad (jiji) na huis ileile ya hospitali, lakini hutamkwa stadHUIS. Meya ni burgeMEESter. Maneno haya ni ya zamani na yametumika mno kama majina ya vitu vizima. Watoro wa namna hii unawakariri tu. Ukikutana na nomino ambatani usiyoijua, weka mkazo kwenye kipande cha kwanza na mara nyingi utakuwa sahihi.

Mkazo ukihama, maana inahama

Kiswahili nacho kinajua mchezo huu, japo kwa nadra. BaraBAra ni njia ya magari, baRAbara ni sawasawa kabisa. Mfano wetu huo ni maarufu kwa sababu mifano ya aina yake ni michache. Kiholanzi kinayo mingi zaidi, na mingi inatokana na kuunganisha.

Massagebed ni mfano mzuri. Kama ni massage + bed, ni kitanda cha kukandwa mwili, na mkazo unafuata neno massage: masSAgebed. Kama ni massa + gebed, ni sala ya umati wa watu: MASsagebed. Mgawanyo wa silabi kwenye maandishi ni uleule, mas-sa-ge-bed. Kinachobadilika ni mkazo, pamoja na ile g: katika massage inatamkwa kwa namna ya Kifaransa, katika gebed ni gh yetu. Hapa basi mkazo unafanya kazi ambayo silabi haikuweza.

Mfano mwingine una historia ya kitaaluma. VOORnaam ni jina la kwanza la mtu. VoorNAAM ni "mwenye hadhi". Herufi zilezile, irabu zilezile. Mwaka 2001 Anne Cutler na Wilma van Donselaar walichapisha utafiti kuhusu neno hilohilo na wenzake, na walionyesha kuwa wasikilizaji wa Kiholanzi hawayachukulii maneno hayo kama yanayosikika sawa. Mkazo unaingia kazini mapema, wakati akili bado inatafuta neno gani limesemwa.

Cutler alikuwa amefanya utafiti wa kufanana na huo kwa Kiingereza, akauchapisha mwaka 1986, akitumia jozi kama FORbear (babu wa kale) na forBEAR (kujizuia). Huko matokeo yalikuwa tofauti: kwa wasikilizaji wa Kiingereza maneno hayo yalifanya kazi kama yanayosikika sawa. Kwa nini? Katika Kiingereza silabi ikikosa mkazo, mara nyingi irabu yake nayo inafifia, kwa hiyo msikilizaji anaweza kutegemea irabu peke yake. Kiholanzi kinabakiza irabu kamili mara nyingi zaidi hata pasipo na mkazo. Tazama voornaam. Irabu hazikuambii kitu, inabidi usikilize mkazo wenyewe. Kwa hiyo kama umejifunza Kiholanzi ukitokea kwenye Kiingereza, usidhani mkazo ni pambo tu.

Kuna pia vitenzi, jamaa wa karibu wa maneno ambatani. VOORkomen ni kutokea. VoorKOmen ni kuzuia. Fikiria daktari anazungumza nawe kuhusu maradhi: kuna tofauti kubwa kati ya maradhi kutokea na maradhi kuzuiwa. Waholanzi wenyewe wanapoogopa kueleweka vibaya katika maandishi huongeza alama juu ya irabu: vóórkomen, voorkómen.

Na hapa kuna zawadi kwa mwanafunzi. Kwa kawaida kiambishi chenye mkazo ndicho kinachoweza kung'oka na kusimama mbali katika sentensi. Het komt voor: inatokea. Lakini hij voorkomt het: anazuia, na hakuna kilichong'oka. ONdergaan ni kuzama kwa jua, de zon gaat onder. OnderGAAN ni kupitia jambo, kwa mfano kufanyiwa upasuaji, hij ondergaat een operatie. Ukijua mkazo uko wapi, umeshajua pa kukata.

Kompyuta nayo inahangaika

Usidhani ni sisi tu tunaopata shida. Kila programu ya kuandikia inapofika ukingo wa mstari inapaswa kuamua ikate neno wapi. Mwaka 1983 Franklin Liang, katika tasnifu yake ya uzamivu Chuo Kikuu cha Stanford, alieleza njia ambayo ilitumika katika TeX, programu ya kupanga kurasa iliyobuniwa na Donald Knuth. Badala ya kuhifadhi kila neno, kompyuta inahifadhi mifuatano mifupi ya herufi inayoonyesha wapi panakatika na wapi hapakatiki. Njia hiyo imetumika kwa lugha nyingi, Kiholanzi kikiwemo.

Lakini mfuatano wa herufi haujui maana. Mpe balletje. Kama ni mpira mdogo (BALletje), sahihi ni bal-le-tje. Kama ni onyesho dogo la dansi ya bale (balLETje), sahihi ni bal-let-je. Herufi ni zilezile, lakini mkazo ni tofauti na silabi ni tofauti. Herufi pekee haziwezi kuamua, lazima uelewe sentensi.

Kukariri kamusi nzima pia hakutoshi, kwa sababu maneno mapya yanashonwa kila siku. Mwaka 2020, wakati wa korona, Waholanzi walianza kusema anderhalvemetersamenleving, "jamii ya mita moja na nusu", yaani maisha ya kukaa mbalimbali. Kamusi ya Van Dale ikalitangaza kuwa neno la mwaka. Herufi 26, na miezi michache kabla yake halikuwamo katika orodha yoyote. Mholanzi wa kawaida alilielewa mara ya kwanza kulisikia, kwa sababu mishono yake ilisikika.

Kwa hiyo ufanye nini?

Kwa baadhi ya wasomaji hili si suala la udadisi tu. Tangu mwaka 2006, watu kutoka nchi nyingi za nje ya Ulaya, Tanzania na Kenya zikiwemo, wanaotaka kuhamia Uholanzi kumfuata mwenzi wao, kwa kawaida hutakiwa kufaulu mtihani wa msingi wa lugha na maisha ya huko kabla ya kuondoka. Miaka ya mwanzo sehemu ya kuzungumza ilifanywa kwa simu, na aliyekuwa upande wa pili alikuwa kompyuta. Kompyuta haikuangalii usoni ikakisia ulichotaka kusema.

Mtihani wa kuingia katika jamii ya huko unaitwa inburgeringsexamen. Tulivunje pamoja kwa hatua tatu.

Hatua ya kwanza, anza mwisho. Examen ni mtihani, na hilo ndilo neno kuu. Kilichobaki, inburgerings-, kinakuambia ni mtihani wa nini.

Hatua ya pili, linda mshono. Ile s ni uzi, na uzi ni mali ya kushoto. Kwa hiyo ni inburgerings-examen, si "inburgering-sexamen". Funga silabi ya s, kata pumzi kidogo, kisha anza e.

Hatua ya tatu, weka mkazo mkuu kwenye kipande cha kwanza: INburgeringsexamen. Vingine vyote vipite chini yake, ila usivimeze. Ulimi wako utakuvuta kwenda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukatalie.

Kisha jaribu mwenyewe na ziekenhuisopname, kulazwa hospitali. Opname ndilo neno kuu. S ya huis inabaki na huis. Mkazo uko ZIE. Ukilitamka hivyo, muuguzi wa mapokezi hatahitaji kukuuliza mara ya pili.